Sukari Safi, Insulini Ishirini na Tisa

Kaka yangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, na kwa miaka mingi alijigamba kwamba hospitali anazijua kwa mageti tu, yale aliyoyatengeneza mwenyewe. Nilipomwita maabara ninakofanya kazi, alikuja shingo upande, tumbo mbele, ngozi ya kisogoni imeiva weusi kama iliyopakwa grisi. Weusi huo ndio ulionitia wasiwasi. Mama yetu alikuwa nao kabla kisukari hakijammaliza.

Alikuwa hajala tangu jana yake. Sukari ikasoma tano nukta tatu. Akashusha pumzi, akaanza kufunga vifungo vya mkono wa shati. Nikamwambia asubiri. Katika damu ileile nilipima na insulini, ikatoka ishirini na tisa. Nikazidisha namba hizo mbili, nikagawa kwa ishirini na mbili na nusu, nikapata karibu saba. Watu wengi wenye afya hawazidi mbili.

"Sukari yako iko sawa kwa sababu kongosho, linalotengeneza insulini, linafanya kazi ya watu watatu," nilimwambia. "Insulini inabisha hodi ili sukari iingie, misuli haifungui. Siku kongosho likichoka, sukari itapanda."

"Sasa mimi ni mgonjwa au si mgonjwa?"

"Bado. Ndiyo maana nakuambia leo."

Akaondoka na ile "bado", mengine yote akaniachia. Jibu la sukari akalibandika ukutani karakana, kila mteja alione. Nilimsihi atembee, aache soda, arudi kupimwa. Wifi naye alisema mpaka akachoka. Alidai tunamtafutia ugonjwa kwa tochi. Mwaka wa tatu tuligombana, nami nikanyamaza. Hapo ndipo nilipokosea.

Alipoanza kuona ukungu, aliulaumu mwanga wa mashine yake. Akanunua kioo cheusi zaidi. Miezi minane ikapita hivyo, hadi siku aliposhika chuma cha moto akidhani kimepoa, na wifi akamleta kwa nguvu. Sukari ilikuwa ishirini na moja. Daktari wa macho alimulika kwa muda mrefu, kisha akasema mishipa ya ndani imevuja. Jicho la kulia halitarudi, la kushoto watajaribu.

Kaka aliniuliza taratibu kama ile insulini bado iko juu.

"Hapana. Imeshuka sana."

"Afadhali," alisema.

Kongosho lilikuwa limechoka, na sikuwa na moyo wa kumweleza siku hiyo. Nilimshika mkono tukashuka ngazi, nikimhesabia kila ngazi iliyobaki.