Shavu la Refa

Watu walimwita Kipenga, na jina lilimkaa kama soksi mguuni. Siku za kazi alipiga pasi katika duka la dobi lililokuwa nyuma ya kituo cha mabasi. Jumamosi na Jumapili alivaa bukta nyeusi, akatia filimbi mdomoni, akawaamuru wanaume ishirini na wawili waache upuuzi. Alikuwa mwanamke pekee katika chama cha waamuzi cha wilaya, na wachezaji walikuwa na msemo wao: refa mwingine ukimkosea utaonywa, Kipenga ukimkosea utaziba masikio.

Jumanne moja asubuhi bomba la mvuke la mashine ya pasi lilichomoka kwenye kiungo chake. Kipenga alikuwa ameinama, anatandaza shuka. Aliwahi kugeuza uso ili aokoe macho, na macho yakaokoka. Shavu la kushoto ndilo lililopokea mvuke wote, kutoka sikioni hadi pembe ya mdomo.

Alifungwa bandeji wiki sita. Siku ya kufunguliwa, mama yake mzazi, aliyekuja kumuuguza, alikwisha kukificha kioo chini ya godoro. Kipenga alikitafuta, akakipata, akajitazama kwa muda mrefu. Kovu lilikuwa jekundu, linang'aa, na ngozi imejikunja kama karatasi iliyolowa ikakauka.

"Mama, ni hiki tu ulichokuwa unanificha?" aliuliza. "Nilidhani nimepoteza pua."

Mama alicheka huku machozi yanamtoka. Kipenga alisubiri atoke nje, ndipo naye akalia kidogo, akanawa, akaendelea na shughuli zake.

Balaa lenyewe lilijitokeza siku mbili baadaye, alipoitoa filimbi kwenye mkoba. Aliiweka mdomoni, akavuta pumzi, akapuliza. Ikatoka sauti ya birika linalokaribia kuchemka. Akapuliza tena. Kovu lilikuwa limeuvuta mdomo pembeni, midomo haikutani, pumzi yote inapitia kushoto.

Mumewe, fundi baiskeli, mtu wa maneno machache, alisogea akamtazama kama anavyotazama gurudumu. "Inavuja," alisema. "Upepo unatokea hapa."

"Mpira wa baiskeli ukivuja unafanyaje?"

"Natia kiraka."

"Basi nitie."

"Kiraka cha mdomo sina, mke wangu. Twende hospitali wakatuambie."

Kwenye wodi ya majeraha ya moto walimkuta muuguzi mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi mweusi. Aliligusa lile kovu kwa ncha za vidole, akalibonyeza, akamwambia Kipenga afungue mdomo, akatikisa kichwa.

"Kidonda kimefunga vizuri. Kazi yangu imekwisha, sasa inaanza yako," alisema. "Kovu hili linakauka na kukaza kila siku. Usipolilainisha litazidi kuuvuta mdomo. Unanisikiliza?"

"Nakusikiliza."

"Asubuhi unanawa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali. Husugui. Unapangusa kwa kitambaa laini, unaacha ngozi na unyevu wake. Kisha matone manne ya mafuta kiganjani. Mafuta ya alizeti, yasiyo na manukato. Unayapasha joto kwa viganja, unayapaka usoni, kisha unalikanda kovu kwa vidole viwili. Bonyeza mpaka rangi yake ipauke, zungusha taratibu, achia. Dakika kumi. Ukimaliza unapaka krimu ya kukinga jua na kuvaa kofia. Mchana unarudia, jioni unarudia."

"Mpaka lini?"

"Mwaka."

"Mwaka mzima?"

"Na likizo hakuna. Kovu halijui Jumapili."

"Halafu litapotea?"

Muuguzi alivua miwani. "Halitapotea. Nikikwambia litapotea nitakuwa nakudanganya. Litalainika. Wewe unataka nini, kupendeza au kupuliza?"

"Kupuliza."

"Basi tumeelewana."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Kila asubuhi, kabla watu wa nyumbani hawajaamka, Kipenga alikaa kwenye kigoda karibu na dirisha la jikoni, chupa ndogo ya mafuta mbele yake, saa ya ukutani juu yake. Alinawa, akapangusa, akahesabu matone, akakanda. Siku za kwanza alisikia maumivu mpaka kwenye jino. Alijifunza kubonyeza kwa nguvu ya kutosha bila kuzidisha, na kufuata mkunjo mmoja mmoja kama anavyofuata mikunjo ya kola. Tena akajiongezea zoezi lake mwenyewe: kupanua mdomo akitamka a, e, i, o, u, mpaka mama akaingia jikoni siku moja na kumuuliza kama amerudi chekechea.

Kazini, mwenye duka alimhamishia kwenye meza ya kupokea nguo, mbali na mvuke. Ni hapo alipoonja macho ya watu. Wapo waliomwonea huruma mpaka wakasahau kuchukua risiti. Wapo waliozungumza na ukuta. Mzee mmoja alimuuliza kwa sauti, mbele ya foleni, "Binti, umefanya nini uso?"

"Nimeupiga pasi, mzee," alijibu. "Shati lako utalitaka lini?"

Foleni ikacheka, na mzee mwenyewe akacheka. Saa saba mchana alikwenda chumba cha nyuma, akanawa, akatoa chupa. Wenzake walizoea. Aliyechelewa kurudi kutoka kula aliambiwa, "Wewe vipi, hata Kipenga amekwisha kujipaka!"

Mwezi wa kwanza ukapita, na wa pili. Filimbi ilibaki birika.

Ndipo katibu wa chama cha waamuzi alipokuja nyumbani. Alikuwa mwalimu mstaafu, mtu mwenye adabu, na alizunguka sana kabla ya kufika. Alisifia chai, akasifia hali ya hewa, akasifia mlango.

"Katibu, sema," Kipenga alimwambia.

"Dada yangu, tumekaa kama kamati. Tumeona tukupe kazi ya mezani. Utaandika wafungaji na wanaobadilishwa. Kivulini, bila bughudha. Unawajua watazamaji wetu, midomo yao haina breki."

"Niliungua shavu, Katibu. Miguu yangu ni mizima."

"Na filimbi?"

Katibu aliweka kikombe chini polepole. "Sipendi kusema hivi. Lakini refa asiye na filimbi ni mtazamaji aliyevaa vizuri."

Maneno yalimchoma kuliko ule mvuke, kwa sababu yalikuwa ya kweli. Aliangalia sakafu, kisha akainua uso, na shavu lake la kushoto akalielekeza kwa katibu makusudi.

"Majaribio ya waamuzi ni lini?"

"Bado miezi mitano."

"Niandike."

"Kipenga..."

"Niandike, Katibu. Nikishindwa mbele ya watu, nitakwenda mezani kwa miguu yangu. Hutanivuta."

Katibu alitoa kalamu mfukoni, akaandika. Alipoondoka, mama alisema kutoka jikoni, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini miezi mitano, mwanangu, ni kesho."

Na hilo neno "kesho" ndilo lililomponza. Haraka ikamwingia. Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa na saluni, na alikuwa mtu mkarimu ambaye hakuna ugonjwa asioujua dawa yake. Alileta kopo dogo la krimu isiyo na maandishi.

"Achana na mafuta yako ya kukaangia, wifi," alisema. "Hii siku saba tu, kovu linabanduka kama ganda la kitunguu."

"Inawasha?"

"Kidogo. Dawa ya moto ni moto."

Kipenga alijua. Ndani kabisa alijua. Lakini miezi miwili ya matone manne na hakuna kitu! Akapaka jioni, akapaka tena asubuhi. Siku ya tatu shavu lilivimba, likatoa malengelenge, na mdomo ukakaza hata kijiko kikawa kazi.

Muuguzi alimtazama bila kumkemea, na hilo ndilo lililomuumiza. "Siku kumi na nne usiliguse," alisema. "Halafu tunaanza upya, kwa tone moja. Kopo liko wapi?"

Kipenga alimkabidhi. Muuguzi akalinusa, akalifunga kwenye mfuko, akauandikia neno "hatari".

Siku hizo kumi na nne zilikuwa ndefu kuliko wiki zile sita za bandeji. Wifi alikuja, akakaa mlangoni, hakuthubutu kuingia. "Nimekuharibu," alisema.

"Mkono ulikuwa wangu, wifi. Hukunishika kunipaka. Ingia ndani." Kisha akaongeza, "Lakini hiyo krimu usimpe mtu mwingine."

"Nimeitupa yote. Wallahi, hata makopo."

Siku ya kumi na tano Kipenga alirudi kwenye kigoda. Tone moja. Wiki iliyofuata mawili. Safari hii hakujitazama kwenye kioo kutafuta mabadiliko, wala hakuijaribu filimbi kila asubuhi. Aliifungia kabatini, akampa mumewe ufunguo, akamwambia, "Mpaka muuguzi aseme." Jioni alikimbia kuzunguka mtaa, kofia kichwani, akirudi jasho linatiririka, ananawa, anahesabu matone. Wifi akawa anakuja jioni kumkanda upande wa nyuma ya sikio, mahali ambapo vidole vyake mwenyewe vilichoka. Alikuwa na mikono mizuri, ya mtu aliyeosha vichwa miaka kumi na tano, na walizungumza mambo mengi katika zile dakika kumi ambayo hawakuwahi kuzungumza tangu Kipenga aolewe.

Wiki sita baadaye muuguzi alibonyeza kovu, na ngozi ikazama na kurudi. Akamwambia afungue mdomo. Akacheka peke yake. "Mwambie mumeo atoe ufunguo."

Alipofika nyumbani akaifungulia kabati, filimbi ililia. Haikulia vizuri, ilikatika katikati kama jogoo mchanga. Lakini ililia, na mume wake, ambaye alikuwa nje ameshika spana, aliingia ndani mbio, akamtazama pembe ya mdomo. Akasema, "Haivuji sana."

Alijifunza na mengine. Ukipaka mafuta karibu na saa ya kupuliza, filimbi inateleza. Kwa hiyo siku ya majaribio alijipaka alfajiri, akaipa ngozi muda wa kunywa. Alikimbia mizunguko yote pamoja na wanaume, akamaliza wa nne kati ya kumi na wanane. Kisha ikaja filimbi. Mkaguzi alisimama kona ya mbali ya uwanja. Mtu anapuliza, mkaguzi akisikia ananyoosha mkono. Nafasi ni mbili.

Upepo ulikuwa unavuma kuelekea kwa mpulizaji. Kipenga alipuliza, na ile pembe ya kushoto ikamwachia. Sauti ikafa njiani. Mkono wa mkaguzi ulibaki chini. Wenzake wakatazama viatu vyao. Katibu, aliyeshika orodha, akajifanya anatafuta kalamu aliyokuwa ameishika.

Kipenga hakuharakisha. Aliitoa filimbi mdomoni, akaifuta. Mbele ya wote alipanua mdomo, akatamka a, e, i, o, u, kwa sauti, kama mtoto wa chekechea. Mtu mmoja akacheka, akanyamazishwa. Akairudisha filimbi, akabana midomo mpaka kovu likauma, akavuta pumzi kutoka kwenye visigino.

Mkaguzi alinyoosha mkono. Uwanja wa pili, wasichana waliokuwa wakicheza netiboli walisimama wote, wakimtafuta aliyekosea.

Katibu aliandika kitu kwenye orodha yake, akakipigia mstari mara mbili. "Jumamosi ya wiki ijayo," alisema. "Mechi ya saa kumi. Usichelewe, na usiniletee uso huo wa kunishinda."

"Uso ndio huu nilio nao, Katibu."

Jumamosi hiyo alipotokeza uwanjani, sauti ya kwanza ikatoka nyuma ya goli: "Refa uso wa pasi!" Wengine wakadakia. Mama, wifi na fundi baiskeli walikuwa wamekaa pamoja, na wifi alitaka kuinuka. Mama akamvuta kwa gauni. Kipenga alitazama saa, akapuliza, mpira ukaanza.

Dakika kumi za kwanza walimwimba. Baada ya hapo timu ya wageni ikafunga, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuangalia shavu la mtu. Wenyeji walisawazisha. Zikiwa zimebaki dakika tatu, beki wa wenyeji alimkwatua mshambuliaji ndani ya eneo la hatari. Uwanja mzima uliona. Uwanja mzima ukaapa kwamba haukuona. Filimbi ililia, ndefu, na mkono wa Kipenga ukaelekea kwenye alama ya penalti.

Ikafungwa. Wageni wakaondoka na ushindi.

Mchezo ulipomalizika, nahodha wa wenyeji, jibaba lenye kifua kama kabati, alimfuata anavuja jasho, akasimama pua kwa pua. Kipenga aliona macho yake yakilipita lile kovu bila kusimama.

"Refa!" alifoka. "Una macho wewe au una matundu ya vifungo? Ile ni penalti? Ile? Tangu lini mtu akijikwaa mwenyewe ikawa penalti? Umetuua! Wewe ndiye refa mbovu kuliko wote niliowahi kuwaona!"

Miezi tisa watu walikuwa wamezungumza naye kwa upole, kwa sauti ya chini, kama mtu anayebeba mayai. Hakuna aliyekuwa amemfokea kwa uamuzi wake. Kipenga alisikia kitu kinamlegea kifuani, akajizuia asimkumbatie yule mtu.

"Umemaliza?" alimuuliza.

"Sijamaliza!"

"Basi endelea," Kipenga alisema, akatoa kadi ya njano, akaiinua juu wazi mbele ya kila mtu, akaandika namba ya jezi ya nahodha taratibu huku mwenyewe anaendelea kufoka.