Hakuna Njugu Meza ya Dirishani

Aliyenieleza haya ni mjukuu wangu, huyu ninayemwita mke mwenzangu, kwa kuwa babu yake tangu mtoto akiwa mchanga alimtania kwamba ndiye bibi mdogo wa nyumba hii. Alinieleza Jumamosi, jua likianza kushuka, amekaa kwenye kigoda changu cha jikoni na sare ya kazi bado mwilini. Mimi nilikuwa napepeta mchele. Nilijua mapema kuna jambo, maana huyu akiingia ndani kitu cha kwanza ni kufunua sufuria. Siku hiyo hakufunua kitu. Aliweka simu yake sakafuni, kioo juu, akaitazama kama mtu anayetazama nyoka.

"Bibi," akasema, "huenda nimeua mtu. Sijui bado."

Ungo ukanitoka mkononi.

Ngoja kwanza niseme kazi yake. Anahudumia wageni katika mkahawa wa wenye nazo, mahali ambapo mtu hachagui chakula. Unakaa, unaletewa. Sahani ya kwanza, ya pili, ya tatu, zinakuja tu mpaka mchana unakwisha, na kila moja ina tonge moja au mawili yaliyopangwa kama hereni kwenye kisanduku cha sonara. Siku aliyonieleza mara ya kwanza nilimwuliza, "Sasa mtu akitoka hapo anapitia wapi kula?" Alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini watu wanakwenda, tena wanaweka nafasi mapema, na hata mkoba wa mgeni unapewa kijikiti chake.

Ukumbi ule una sheria zake. Mhudumu hakimbii. Hapazi sauti. Hagusi sahani ya mgeni mpaka mgeni alaze uma na kisu. Na kubwa kuliko zote, mgeni haambiwi anachokula mpaka akimalize. Mpishi wao mkuu, vijana wamempa jina la Jemadari, anasema ulimi usiotajiwa huonja vizuri zaidi. Sahani ikiisha ndipo mhudumu anainama na kusema, hiki kilikuwa kitu fulani. Ndiyo maana kabla ya yote ni lazima amwulize mgeni kama kuna kitu asichokila.

Mchana huo meza ya dirishani alikaa mama mmoja wa makamo mwenye kilemba cha buluu, pamoja na binti yake mtu mzima. Binti alikuwa amepandishwa cheo, akaona amtoe mama yake. Lafudhi yao haikuwa ya huku. Ilikuwa Kiswahili kizuri tu, lakini kimepikwa jiko jingine.

"Mama, kuna kitu hukili?" mjukuu wangu akauliza.

"Mimi nakula chochote kisichonitoroka," yule mama akasema. "Isipokuwa njugu. Njugu, mwanangu, hata chembe. Zitaniua, na hapo sifanyi mzaha."

"Ondoa shaka, mama. Njugu hazitakukaribia."

Kule jikoni kazi inakwenda kwa kuitikiana. Mhudumu anasimama mlangoni anaita, na wapishi wote wanaitikia kwa pamoja, asije akatokea wa kusema hakusikia. Akaita, "Meza ya dirishani, hakuna njugu!"

"Hakuna njugu!" wakaitikia.

Mmoja akaongeza, "Nani wa kukaa kuchemsha njugu hapa? Wageni watakufa njaa hazijaiva!" Wakacheka, hata Jemadari akatabasamu.

Hapo nilimkatiza. "Njugu zipi?"

Akaniangalia, macho yamejaa. "Ungekuwepo wewe, Bibi. Jiko zima hakuna aliyeuliza."

Sisi huku njugu ni zile za mviringo, ngumu kama kokoto, zinazokula kuni mpaka unatamani kuzitupa. Hizi nyembamba za kukaanga, zenye ngozi nyekundu, tunaziita karanga. Lakini nimekaa na majirani wa kila pembe, na najua wapo watu ambao njugu zao ndizo karanga zetu. Unatuma mtoto dukani na neno moja, anarudi na kitu kingine. Nyumbani ni kichekesho.

Basi sahani zikaanza kwenda. Ya kwanza supu ndani ya kikombe kidogo kama cha kahawa. Ya pili samaki, kipande chembamba unaona mwanga ng'ambo. Yule mama anakula huku anamtania binti yake. "Hiki ni chakula au ni picha yake?" Mjukuu wangu amesimama ukutani, anauma midomo asicheke. Anasema alimpenda mama yule. Mimi nikisikiliza nilikuwa nimekwisha kushika kifua, maana mimi tayari nilijua na yeye bado hajajua, na zile sahani zinakwenda tu, moja baada ya nyingine.

Akaondoa sahani za samaki, akaweka ya boga. Boga lililochomwa, kipande cha urefu wa kidole kwenye mchuzi kidogo, na juu yake kitu cha kahawia kimenyunyizwa kama mchanga. Akarudi ukutani. Mama na binti walikuwa wamezama kwenye hadithi, uma umelala mezani.

"Unamkumbuka yule mzee wa kwenye basi?" binti akasema. "Na kikaratasi chake cha njugu!"

"Usinikumbushe."

"Yeye anatafuna, anapuliza ngozi zile nyekundu zinaruka basi zima, na wewe macho yamefumba kwa kuvimba. Halafu anauliza, mama huyu analilia nini?"

Wakacheka. Na mjukuu wangu naye akatabasamu pale ukutani. Kisha tabasamu likamfia usoni. Njugu za kukaanga. Za kwenye kikaratasi. Ngozi nyekundu za kupulizwa.

Akatazama ule mchanga wa kahawia juu ya boga. Asubuhi alipita jikoni wakitwanga karanga. Harufu ilimfuata mpaka chumba cha kubadilishia nguo.

"Ndipo nikaelewa, Bibi. Nikamwona anachukua uma."

"Ukakimbia!"

"Nilitembea," akasema. "Bibi, nilitembea. Kichwa kinasema kimbia, na miguu inatembea mwendo ule wa ukumbini, taratibu, mgongo wima. Msimamizi amesimama mlangoni ananitazama. Nikawa najiambia, kama nimekosea nitaonekana mwehu. Nikapita meza ya kwanza nimetabasamu. Nilitabasamu!"

Alipofika mama alikuwa ameshameza. Akainyakua sahani, mchuzi ukaruka kwenye kitambaa cheupe, boga likaanguka sakafuni.

"Mama, tema! Kama kuna kilichobaki, tema!"

"We dada, una nini?" binti akang'aka.

"Kuna karanga."

Yule mama akamwangalia. "Karanga," akasema polepole. Kisha akayafunga maneno mawili pamoja kama anafunga fundo. "Njugu karanga?"

Akaweka mkono kooni.

Anasema haikuchukua hata muda wa kuvuta kiti. Midomo ikaanza kuumuka. Shingo ikatoka mabaka. Mama akawa anavuta pumzi kwa sauti ya mlango mbovu, mkono mmoja umeng'ang'ania kitambaa cha meza, na glasi zinaanguka moja moja. Binti akamwaga mkoba wote sakafuni, funguo, chanuo, dawa za kifua, akaipata ile sindano ya dharura inayofanana na kalamu, akamchoma mama yake pajani juu ya nguo. Msimamizi akaja akinong'ona, "Kuna nini, wageni wanatazama," na Jemadari, ambaye hatoki jikoni hata kwa kuitwa, akatoka. Alipoona boga sakafuni uso wake ukawa wa kijivu. "Nani aliita hakuna njugu?" akauliza.

"Mimi," akasema mjukuu wangu.

"Na mimi niliitikia," akasema Jemadari, akavua kofia.

Hospitali haiko mbali. Walipombeba mama kumtia garini, binti alimshika mjukuu wangu kifundo cha mkono. "Wewe unajua alichokula. Panda." Njia nzima hakumwachia.

Mapokezi daktari akauliza alikula nini, na kama watu wa mkahawa waliambiwa.

"Waliambiwa!" binti akasema. "Kwa masikio yangu nimesikia!"

"Alisema njugu," mjukuu wangu akasema. "Kwetu njugu ni zile ngumu za kuchemsha. Hizi tunaita karanga. Sikuuliza. Kosa ni langu."

Binti alimtazama hata hakupepesa. "Kwa hiyo mama yangu afe kwa neno?"

Wakamlaza mama, wakamwekea dripu na hewa ya kumsaidia. Baada ya muda uvimbe ukaanza kushuka, sauti ikarudi, ingawa ya kukwaruza. Kitu cha kwanza alichotaka ni kumwona yule mtoto wa mkahawani. Mjukuu wangu akaingia, akasimama mlangoni.

"Njoo karibu, siumi," mama akasema. "Kwenu mnaziitaje vile?"

"Karanga, mama."

"Basi hukunidanganya. Za kwenu hazikunikaribia." Akataka kucheka, akakohoa.

"Mama, usimchekee," binti akasema. "Usimchekee hata kidogo."

"Sijamchekea. Najichekea mwenyewe ninayedhani dunia nzima ni jirani zangu." Kisha akageuka kwa mjukuu wangu, macho yake hayakuwa na kicheko tena. "Naogopa kufumba macho, mwanangu. Nikilala koo likijifunga, nani atajua? Kaa hapo. Nitazame."

Akakaa. Daktari alikwishawaonya kwamba jambo hili huweza kurudi mara ya pili, hata mgonjwa akionekana mzima. Wakakaa wote wawili, binti upande huu na mjukuu wangu upande ule, wanatazama shuka likipanda na kushuka.

Na kweli likarudi. Mjukuu wangu ndiye aliyeona kwanza, shuka lilipanda likachelewa kushuka. Safari hii hakutembea. Alikimbia koridoni akipiga kelele, anagonga milango, mpaka wauguzi wakaja. Pazia likavutwa. Kutoka nyuma ya pazia alisikia ile sauti ya mlango mbovu, kisha hakuisikia tena. Kutoisikia kulimtisha kuliko kuisikia.

Binti akatoka nje ya pazia, akamkuta pale. "Andika namba yako hapa," akasema, akimpa simu yake. Alipoandika, binti akasema, "Sasa ondoka mbele ya macho yangu."

Ndivyo alivyokuja nyumbani. Kwa miguu, na ile sare, na doa la mchuzi wa boga kwenye mkono wa shati.

Nikamwambia tu, "Sogea hapa," akasogea, akaegemea goti langu. Tukawa tunaitazama ile simu, mimi na mke mwenzangu, mchele umemwagika tumeukalia.

Mara moja ililia. Akaruka. Kumbe ni msimamizi wa ukumbi. Akaiacha ilie mpaka ikanyamaza.

"Hutaki kujua kama kazi ipo?"

"Kazi kitu gani, Bibi."

Nje watoto wa jirani wanapigana juu ya mpira, mama yao anawaita kwa majina yote ya wanyama. Nilitamani kutoka nikawanyamazishe, lakini niliogopa kuondoa goti.

Ilipolia mara ya pili ilikuwa namba asiyoijua. Akainyoosha kwangu kwa mikono miwili. "Pokea wewe. Siwezi. Bibi, siwezi."

Nikapokea.

"Nani mwenzangu?" ikauliza sauti ya mwanamke aliyelia mpaka imekauka.

"Mimi bibi yake."

Akavuta pumzi. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu." Nikasubiri. Mjukuu wangu ameziba masikio, macho kwangu, anasoma uso wangu kama watu wanavyosoma mawingu.

"Mwambie mama yupo," sauti ikasema. "Anapumua mwenyewe. Daktari anasema hatari imepita, lakini watamweka mpaka kesho. Sasa hivi amelala, nimehakikisha ni usingizi." Kisha akaongeza, "Mwambie mimi bado nina hasira naye. Hilo nalo umwambie."

"Nitamwambia, mwanangu. Ni haki yako."

"Na mama, kabla hajalala, ameuliza kama yule mtoto amekula. Mimi namwambia nyamaza, yeye anauliza kama amekula."

Nikamshukuru, nikakata. Sikuhitaji kurudia, maana mjukuu wangu alikuwa ameuona uso wangu, akaanza kulia kwa sauti, kilio kile cha mtoto kisicho na aibu, mabega yanaruka. Nikamwacha alie. Nilimwambia yote kama nilivyoagizwa, na hasira nimemfikishia, sikuipunguza.

"Ana haki," akasema katikati ya kwikwi.

"Ana haki. Haya, umeulizwa kama umekula."

"Sijala tangu asubuhi."

Nikainuka kwa kushika ukuta, nikafunua sufuria, nikapakua ubwabwa na maharage, sahani moja iliyojaa, si ile ya matonge mawili. Nilikuwa nasema naye huku nimempa mgongo, namwambia kesho akaoshe lile doa kwa maji ya baridi, ya moto yatalipigilia. Nilipogeuka na sahani alikuwa ameshalala palepale sakafuni, shavu juu ya mkeka, punje za mchele kwenye nywele, viatu vya kazi bado miguuni.