Kikao cha Vivuli Saba

Kokuberwa alikuwa akimenya ndizi uani kwake Ihembe, asubuhi moja ya kiangazi cha mwaka 1991, bintiye Joviana alipomwonyesha barua ya kuitwa ofisini. Joviana alikuwa mhudumu wa zahanati ya halmashauri. Alizalisha wanawake kwa mikono mitupu, na vidole vyake havikukosa mikato ya kisu cha ndizi. Ule ugonjwa unaoambukizwa kwa damu ulikuwa umeshafunga nyumba tatu hapo jirani.

Watumishi saba, wakiwemo Joviana na Leonidas mchimba mitaro, walikuwa wamemwandikia mwajiri barua moja: tukae sote meza moja, tuzungumze habari ya glovu na viatu vya kazi. Ili asijulikane aliyetangulia, walifunika kikombe cha kunywea rubisi, pombe ya ndizi, juu ya karatasi, wakachora duara, wakalizungushia majina.

Ofisa utumishi aliisoma. "Duara halina kichwa," akasema. "Basi nitawaita mmoja mmoja."

Kila aliyeingia peke yake alitoka bila kivuli. Sita walishatoka hivyo. Leonidas alishinda mtaroni pekupeku, na Kokuberwa akimuuliza habari ya viatu anamjibu, "Tumeridhika, mama." Mkewe alishazoea; alilalamika tu kwamba wakipalilia hana pa kumkinga mtoto jua.

"Nitaingia na wewe," Kokuberwa alimwambia bintiye.

"Nishikwe mkono, mama, kama naanza darasa la kwanza?"

Alimsindikiza hata hivyo. Mlangoni tarishi akamzuia: barua ya kuitwa ilikuwa na jina moja.

Joviana hakukawia. Alitoka, akapita kwenye kahawa iliyoanikwa, na hakuna punje iliyopata kivuli.

"Na glovu?"

"Tumeridhika, mama."

Kesho yake Kokuberwa alirudi ofisini.

"Shikamoo, mama," alisema ofisa.

"Marahaba. Nimefuata kivuli cha binti yangu."

"Kiko kikaoni."

Akamfungulia chumba cha pili. Vivuli saba vilizunguka meza, vikinyoosha mikono na kuzungumza bila sauti. Barua yao ya duara ilikuwa katikati. Kiti cha mwajiri kilikuwa kitupu.

"Kitaisha lini?"

"Mwajiri akifika."

"Mwajiri si wewe?"

Ofisa akatazama saa ya ukutani, akaenda kunywa chai.

Mchana huohuo Joviana aliitwa kuzalisha. Kokuberwa alimfunga vidole kimoja kimoja kwa vipande vya kitenge, akakaza mafundo kwa meno. Joviana alitulia mpaka akamaliza. Walipofika kwenye mlango wa zahanati Joviana akavifungua vipande vyote, akavikunja vizuri, akamrudishia mama yake, akaingia mikono mitupu.

Ndani, mwanamke alikuwa ameshaanza kulia.