Ukuta wa Duka la Chaman

Mama Nasambu alikataa kiti. Chaman, mwenye duka, alikisukuma tena kwa mguu, akakipangusa vumbi kwa kiganja, lakini mama alibaki wima katikati ya duka, santuri ya marehemu mumewe ameikumbatia kifuani ndani ya mfuko wa unga, kama mtu aliyebeba mayai kwenye umati.

"Nikikaa nitakubali upesi," alisema. "Niacheni nisimame."

Nekoye, binti yake, alikuwa mlangoni, mguu mmoja ndani, mwingine barazani. Hapo ndipo palikuwa pake siku hiyo. Ndani alikuwa mama yake. Nje, kwenye kichochoro kilichopita ubavuni mwa duka, chini ya dirisha la nondo, alikuwa mumewe Walubengo, amegandamiza sikio ukutani kama mtoto anayesikiliza siri za wakubwa.

Kwa Wabukusu, mkwe wa kiume na mama mkwe hawakai chini ya paa moja. Hawapeani mikono. Wakikutana njiani kila mmoja hutafuta kichaka chake. Heshima hiyo haina likizo. Haikujali kwamba Kitale nzima, mwaka huo wa themanini na saba, lilikuwepo duka moja tu lenye spika ambazo mjane kutoka kijiji cha Ndalu angeweza kuzimudu, wala kwamba katika ukoo wote mtu aliyejua spika ni huyo huyo mkwe.

Mzee Khaoya, huyo marehemu, alikuwa mpiga litungu, ala ya nyuzi ya Wabukusu. Alikwenda Nairobi mara moja maishani mwake, akarekodi santuri moja ndogo, akarudi na nakala za kugawa. Nyingine zilivunjika, nyingine zilipotelea kwa marafiki. Ikabaki hii moja. Wiki iliyofuata kaburi lake lingetiwa saruji, na Mama Nasambu alikuwa ametangaza kanisani kwamba siku hiyo watu wataisikia tena sauti yake. Kinanda cha santuri na amplifaya ya kutumia betri ya gari vilikuwa tayari kwa Walubengo, kule Kanduyi. Kilichokosekana ni spika. Mama alikuwa ameuza mtamba wake, na pesa za mtamba zilitosha jozi moja. Juu ya kichwa cha Chaman palikuwa na kibao: MALI IKITOKA HAIRUDI.

Jozi zilikuwa mbili, bei moja. Za kwanza mpya, nyeusi, ndogo kama madebe ya mafuta ya kupikia, plastiki bado imezivaa. Za pili kuukuu, masanduku ya mbao yaliyomfika mtu kiunoni, yamefunikwa kitambaa cha kahawia.

"Hizi kubwa zilikuwa za shemeji yangu Mohanlal," alisema Chaman. "Ameenda Kanada. Angeweza kubeba, angebeba."

"Mbona hakubeba?" aliuliza mama.

"Mama, ndege si lori."

Mama aligeuza uso kwa binti yake. "Muulize mtu wako. Ile redio yake ya mtumba ilitafuna kanda yenye sauti ya mume wangu. Hizi za mtumba nazo zitatafuna nini? Kaburi?"

Nekoye alitoka barazani, akakunja kona. Walubengo alikuwa amejibandua ukutani, shingo imemvimba. Ukuta ulikuwa mwembamba, na kila neno lilikuwa limemfikia. Lakini heshima ilitaka ajifanye hakusikia, basi akangoja.

"Mama anauliza kama zile kubwa ni imara," alisema Nekoye.

"Mwambie mama yako spika si kuku, hainunuliwi kwa kutazama manyoya. Vile vidude vipya ni vya kusikilizia taarifa ya habari. Mzee alikuwa mwanamume mzima. Asiletwe nyumbani kwa sauti ya chiriku."

Nekoye alirudi ndani. "Baba Mukhisa anasema tusiangalie sura, tusikilize kwanza," alisema, akimtaja mumewe kwa jina la mtoto wao.

"Hakusema hivyo," alisema mama.

"Amesema karibu hivyo."

Miaka yote ya ndoa yake, Nekoye alikuwa daraja, na daraja alilijenga kwa kupunguza. Matusi yalipita kwake yakatoka maswali. Kiburi kiliingia kikatoka ushauri. Alikuwa hodari kwa kazi hiyo, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza, ilimtia hofu. Siku redio ilipotafuna ile kanda, Walubengo alikaa mwaka mzima bila kukanyaga Ndalu, hata kwenye mazishi ya shangazi. Akikosea tena leo, hatakanyaga kabisa. Na mama akibeba kitu kibovu mbele ya watu wote wale, hatamlaumu Walubengo peke yake. Atamlaumu na aliyeolewa naye.

"Nitaitoa mara moja," mama alimwambia Chaman. "Mara moja tu. Sindano inakula santuri. Kila ikipigwa, mzee anapungua."

"Mara moja inatosha. Niko na kitufe hapa. Nusu ya kwanza kubwa, nusu ya pili ndogo."

Santuri ilitoka mfukoni. Chaman, ambaye tangu asubuhi alikuwa akitania kila mtu, aliishika kwa kingo kama padri anayeshika mkate. Sindano ikashuka.

Spika kubwa zilivuta pumzi, kisha duka likatetemeka. Vioo vya kabati vililia. Tochi zilizopangwa juu ya rafu zilitembea zenyewe kuelekea ukingoni. Litungu lilikuja zito, na ndani yake, mbali, kama mtu anayeimba akiwa amejifunika blanketi, ikaja sauti ya Mzee Khaoya.

Mama alisogea mbele, akainamisha kichwa. "Yuko wapi?" aliuliza. "Huyo ni yeye? Mbona simwoni?"

Kutoka kichochoroni kikaja kilio cha furaha. Nekoye akakimbia nje.

"Hizo!" Walubengo alikuwa akipiga ukuta kwa kofi. "Hizo hizo! Sikia hiyo ngoma! Dum, dum, sikia!"

Papo hapo Chaman alibonyeza kitufe. Pale kichochoroni muziki ulikufa. Kilichobaki ni kama mbu aliyefungiwa ndani ya kopo.

"Ona sasa," alisema Walubengo. "Amefariki mara ya pili."

Nekoye alirudi mbio, na alipovuka kizingiti alisimama ghafla. Mbu hakuwepo. Alikuwepo baba yake. Sauti ilikuwa nyembamba lakini ilikuwa safi, karibu, na kabla ya kila mstari alisikia pumzi ikivutwa puani, ile pumzi ya mtu anayetaka kusema jambo zito. Mama alikuwa ameketi. Amekaa bila kujua, kwenye kile kiti alichokikataa, mikono mapajani.

Wimbo ukaisha.

"Hizi," alisema mama. "Nifungie."

"Mama, Baba Mukhisa anasema zile kubwa. Anasema ngoma inasikika vizuri."

"Ngoma gani?" Mama aliinuka. "Khaoya alikwenda Nairobi peke yake, na litungu lake, basi. Hakuna ngoma kwenye ile sahani. Mtu wako anasikia vitu ambavyo havipo, halafu anataka ninunue!" Aliugeukia ule ukuta wenye dirisha na kuuambia, kwa sauti ya mtu anayezungumza na kuta: "Duka hili lina panya wanaosikia ngoma!"

Nekoye alisikia viatu vya mumewe vikigeuka kwenye changarawe. Alikuwa anaondoka.

Hapo ndipo Gikonyo alipoingia, mwenye baa ya karibu na stendi, jasho shingoni, mkokoteni na msukumaji wake wakingoja barabarani.

"Chaman! Nimekuja kubeba yale makabati yangu ya spika."

"Mama hajamaliza. Yeye ndiye alianza."

"Hajamaliza nini, bana? Ni spika ama ni kesi?" Gikonyo aliegemea kaunta kwa kiwiko. "Mama, chukua zako tuende. Saa hizi Mhindi anafunga."

"Ngoja!" Nekoye alishangaa kusikia ni sauti yake. Alitoka mbio barazani, akamwita mumewe kwa jina lake hasa, jambo asilolifanya hadharani. "Walubengo! Simama hapo!"

Walubengo alisimama.

Nekoye alikuwa amesikia wimbo ule ule kutoka pande zote mbili, na watu wawili aliowapenda walikuwa wakiitana waongo kwa sababu ya tofali. Kila mmoja alikuwa amesema kweli ya mahali alipokuwa.

"Mama, toka kwa mlango wa nyuma, uzunguke uani mpaka ufike chini ya dirisha. Baba Mukhisa, wewe ingia kwa mbele. Chaman atapiga tena."

"Tena?" Mama aliichukua santuri kinandani, akaikumbatia. "Nimesema mara moja! Na mimi nikasimame mahali mkwe amesimama? Nyayo zake bado ziko moto pale!"

"Zikipoa spika zitakuwa baani kwa Gikonyo. Mama, umemwita mume wangu panya. Kwenda kusikia ni deni lako."

Mama alimtazama binti yake kana kwamba ndiyo kwanza wanajuana. Kisha akamkabidhi Chaman santuri, akajifunika kanga kichwani, akapita jikoni kwa Wahindi hao, kati ya masufuria, mgongo umenyooka. Nekoye alisimama barazani kama polisi wa barabarani, mkono mmoja ukimzuia mume, mpaka kona ya kanga ilipopotelea uani. Ndipo akauteremsha. Walubengo aliingia, kofia mkononi, akakwepa kile kiti kwa sababu mama mkwe alikuwa amekikalia.

Chaman alishusha sindano. Wakati huo huo Gikonyo, aliyechoka kungoja, alibadilisha kiwiko, na kaunta ikayumba. Sindano iliteleza ikakwaruza. Mlio wake ulikuwa kama wa bati linalopasuliwa. Kutoka kichochoroni mama alipiga ukemi.

Chaman aliinua mkono wa kinanda, akaisogeza santuri kwenye mwanga, akaipuliza, akaigeuza. "Iko mzima," alisema kwa sauti ya chini. "Imepata alama, lakini iko mzima. Gikonyo, toka kwa kaunta yangu. Toka kabisa!"

Akaanza upya. Kubwa kwanza. Safari hii Nekoye hakuwa mlangoni. Alimwangalia mumewe. Walubengo alianza na tabasamu, akitikisa kichwa. Kisha tabasamu likapungua. Alisogea karibu na masanduku, akachuchumaa, akaweka sikio kwenye kitambaa, juu, chini, upande wa pili. Kitufe kikabonyezwa. Pumzi ya Mzee Khaoya ikaingia dukani, na Walubengo, ambaye hakuwahi kumsikia mkwewe akiimba akiwa hai, aliinuka taratibu kama mtu aliyeingiliwa na mgeni.

"Mwambie mama," alisema wimbo ulipoisha, "zile ndogo. Kwenye kubwa, spika za sauti za juu zimekufa. Nilikuwa nasikia besi tu. Ukuta ulizuia mengine yote." Aliikunja kofia yake. "Mwambie nimekosea."

Nekoye alikunja kona. Mama alikuwa amekaa chini, kwenye changarawe, viganja vyote viwili juu ya ukuta.

"Kubwa," alisema mama. "Chukua kubwa."

"Mama!"

"Si ngoma, Nekoye. Ni kisigino. Akipiga litungu alikuwa anapiga kisigino chini. Alinitobolea kiraka cha sakafu pale jikoni, nikamgombeza miaka yote. Nilikuwa nimesahau." Machozi yalikuwa yakishuka bila yeye kuyafuta. "Humo ndani vioo vinapiga kelele, husikii. Hapa nimemsikia mguu wake."

Ndani mume anataka ndogo, nje mama anataka kubwa, na barabarani Gikonyo anamwambia msukumaji asogeze mkokoteni. Nekoye alitamani daraja lingine, neno la kupunguza hiki na kuongeza kile. Halikuwepo.

"Mama," alisema, "miguu tunayo nyumbani. Sauti hatuna."

Mama aliondoa viganja ukutani, kimoja kimoja.

Nekoye aliingia dukani, akamkuta mumewe amesimama karibu na dirisha, sikio limeelekea nje, akafungua kitambaa chenye pesa za mtamba. "Nifungie ndogo."

Siku ya saruji, Ndalu ilijaa watu mpaka kwenye ua wa jirani. Spika mbili nyeusi ziliwekwa juu ya meza mbele ya nyumba, na wazee wengine walicheka waziwazi kwa udogo wake. Nekoye mwenyewe alishusha sindano. Pumzi ikavutwa. Vicheko vikakatika. Kaka mkubwa wa marehemu alivua kofia.

Mama Nasambu alisikiliza akiwa amefumba macho. Sauti ilikuwa pale, yote, ila ilikuwa imesimama hewani, haina ardhi.

Ndipo, kutoka nyuma ya nyumba, upande ambao mkwe hukaa ili asionane na mama mkwe, kukaja mshindo. Dum. Kisha mwingine. Kisigino cha kiatu juu ya udongo mkavu, polepole, kikiutafuta wimbo kama kipofu anayetafuta mlango.

Watu waligeuka. Mama hakugeuka. Midomo yake ilikuwa ikihesabu kitu. Kisha akamvuta Nekoye kwa mkono.

"Mwambie anachelewa," alinong'ona kwa ukali. "Khaoya alikuwa anatangulia wimbo, hakuwa anaufuata. Mwambie aamke!"

Nekoye alizunguka nyumba mbio, na ujumbe ule aliupeleka ulivyo, bila kupunguza neno.