Baba Yetu ya Papa

Tangu minong'ono ianze kwamba Papa ni mzushi, Aloys Vogel aliihama parokia yao pale Wisconsin, akawa anasali rozari kwa mjane Delphine, pamoja na wenzake waliokataa kumtii Papa huyo. Mkewe, Hedwig, akashikwa na wivu. Ijumaa moja akamfuata.

"Karibu, dada," Delphine akasema. "Umechoka na karamu ya samaki ya paroko kila Ijumaa?"

"Nimekuja kuona mume wangu anavyookoka."

"Hedi, acha basi. Hili ni suala la imani," Aloys akanong'ona.

"Papa akikosea, mwombee. Baba yako akilewa, utahamia kwa jirani?"

Wakasali. Mwishoni, pale Wakatoliki wanapoongeza Baba Yetu moja kwa nia za Baba Mtakatifu, wote walinyamaza. Ila Hedwig, aliyepiga magoti ubavuni mwa mumewe, akamsikia akiisali chini chini.

Alipaswa kufurahi, lakini wivu ukawaka upya moyoni mwake. Kama ugomvi wake si na Papa, basi kilichomleta huku ni nini?

Delphine akamimina kahawa, akaanza na kikombe cha Aloys, akatia sukari bila kuuliza vijiko vingapi.

"Chukua koti," Hedwig akamwambia mumewe. "Papa wako tutamwombea nyumbani."