Kumfuata Mugenzi Inyonga

Gratien ndiye aliyekuwa wa kwanza kung'oa milango. Hilo Katumba nzima, makazi ya wakimbizi wa Burundi, wanalijua, na mpaka leo wakitaka kumtania humwita Bwana Lori. Mwaka ule neno lilikuwa moja tu: uraia mmepata, sasa jiandaeni kuhama, malori yanakuja kuwapeleka mikoa mingine. Watu wakaacha kulima. Wakauza mbuzi, wakauza mabati, wengine wakauza mihogo ikiwa bado ardhini. Gratien akafunga milango yake kwa kamba, akaiegemeza ukutani kwa nje, akakaa pembeni yake kusubiri honi. Punda hapandi lori, akasema. Akamuuza kwa wachuuzi waliokuwa wakizunguka kununua vitu vya wahamaji kwa bei ya kutupa.

Malori hayakuja. Baadaye watu wakaambiwa wakae walipo, wakashangilia, wakaanza kununua upya vitu vyao wenyewe. Milango ikarudishwa, ingawa wa uani mpaka leo haufungi vizuri. Punda hakurudi.

Odeta, mkewe, hakumsamehe. Wanaume waliouza ng'ombe wakati ule walisamehewa na wake zao kabla ya mavuno yaliyofuata, maana ng'ombe ni ng'ombe. Mugenzi, yule punda, alikuwa kitu kingine. Mama yake aliliwa na fisi yeye akiwa hajaacha kunyonya, na Odeta akamlea kwa uji wa mahindi, amempakata kichwa mapajani kama mtoto. Jina alimpa yeye, kwa Kirundi cha nyumbani, maana yake mwenzi wa njia. Alama ya sikio la kushoto alimkata yeye, kwa wembe mpya, na aliyelia siku hiyo ni yeye. Kisimani, shambani, mashineni kusaga, Odeta mbele, Mugenzi nyuma bila kamba. Wanawake walimcheka kwamba ana waume wawili na anayefanya kazi ni yule wa pili.

Sasa mume wa kwanza akimuuza wa pili, nyumba hiyo inakalika vipi? Ilikalika kwa maneno madogomadogo. Gratien akisema mboga imezidi chumvi, anajibiwa kwamba aliyeuza punda asichague chakula. Akisema mvua iko karibu, anaulizwa, "Karibu kama malori?" Na akithubutu kumtaja Mugenzi, hata kusema tu kwamba alikuwa mnyama mpole, Odeta anamkata kauli hapohapo.

"Wewe unajua nini kuhusu Mugenzi?"

Miaka ikaenda hivyo. Binti yao Prisila akaolewa Mishamo, nyumba ikabaki ya wawili. Macho ya Gratien yakaingia mtoto wa jicho, ukungu ukazidi kila msimu, mpaka akawa anatambua watu kwa sauti na nyayo. Swali la Odeta lilibaki lilelile, na lilikuwa halichoki.

Habari za Mugenzi zilitoka sokoni Kashaulili. Odeta alikuwa amepeleka maharage mjini, akapata nafasi karibu na Fausta, mwanamke wa Inyonga anayeuza asali kwenye vidumu. Fausta hanyamazi. Alisimulia ya kwao yote, mpaka akafika kwa jirani yake Telesfori, mkulima wa tumbaku, ambaye amenunua toyo, ile pikipiki ya matairi matatu ya kubebea mizigo, na sasa anatafuta pa kumpeleka punda wake.

"Punda mwenyewe kazeeka, hata sijui anangoja nini kufa," alisema Fausta. "Wachuuzi walimtoa huko kwenu Katumba, wakati ule mnahamahama. Sikio lenyewe limekatwa."

"Sikio lipi?"

"La kushoto. Si nampita kila siku?"

Odeta hakuuza tena maharage siku ile. Jioni alimweleza Gratien, na Gratien akaweka chini kijiko.

"Twende wote," alisema.

"Wewe utaona nini?"

"Sitaona. Twende tu, Mama Prisila."

Odeta alikubali, na tusimpambe, hakukubali kwa huruma. Alitaka mwanamume huyu asimame pale, hata kama haoni, asikie kwato za Mugenzi zikija mbio kwa aliyemlea. Alishaliona tukio hilo kichwani mara nyingi, hata akiwa kanisani. Katika tukio hilo Gratien daima alikuwa amesimama nyuma, ameinamisha kichwa.

Waliondoka na boda hadi mjini, kisha wakapanda basi la Inyonga. Odeta alivaa kitenge chake cha sherehe na kubeba pumba kwenye kopo. Gratien alivaa koti lake la zamani, akatia kitu mfukoni bila kusema.

Telesfori aliwapokea vizuri, akawapa maji ya kunywa na viti vya kukalia. Alikuwa mtu wa maneno machache, mikono imekoza rangi ya tumbaku.

"Mama, mimi hela sitaki," alisema. "Huyu punda amenisomeshea watoto. Wanapita watu hapa wananunua punda, wanasema ni wa kubeba mizigo. Punda wa umri huu atabeba nini, kama si kwenda kuchunwa ngozi? Nataka arudi kwa mwenyewe. Ila na mimi nijiridhishe, maana mtu anaweza akaja na machozi yake, kesho nikasikia kamuuza kwa walewale. Mwite. Akikufuata, mchukue."

"Atanifuata," alisema Odeta.

Punda alikuwa nyuma ya bani la kukaushia tumbaku, anatafuna mabua ya mahindi. Mdomo umekuwa mweupe, goti moja limevimba, mgongo umebonyea. Odeta aliangalia sikio kwanza. Pengo lilikuwa la mshazari, vile wembe ulivyoteleza siku ile mnyama aliporusha kichwa. Mkono ni wake mwenyewe, asingeweza kuusahau. Akasogea, kopo mkononi.

"Mugenzi," aliita.

Punda alimtazama kama anavyotazama mwanamke yeyote apitaye, akarudi kwenye mabua.

"Mugenzi wanje, Mugenzi wangu. Ni mimi. Mama yako."

Sikio moja lilicheza, labda kwa nzi. Odeta akatikisa kopo la pumba kama alivyokuwa akitikisa zamani, na wakaja mbuzi wa Telesfori. Akawafukuza kwa pindo la kitenge. Aliita tena, kwa sauti ya kisimani, kwa sauti ya shambani, kwa ile sauti nyembamba ya wakati wa uji. Alihisi Telesfori akimtazama, na uso ukamwaka kwa aibu. Punda alikuwa amempa ubavu.

Gratien walikuwa wamemwacha kwenye gogo, kando ya bani. Vumbi la tumbaku lilimpata kooni, akakohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu, cha pigo mbili na mguno, ambacho alikuwa nacho tangu ujana. Kila jioni, akitoka nje baada ya kula, kilimtangulia mlangoni.

Punda akainua kichwa. Bua likamdondoka mdomoni. Akaja akichechemea, akapita karibu na Odeta kiasi cha kumgusa kitenge, wala hakusimama. Alipofika kwenye gogo aliingiza kichwa chake chini ya kwapa la Gratien, akatulia hapo.

Mkono wa Gratien ulipanda taratibu, ukapita chini ya taya, ukaenda nyuma ya sikio, ukaanza kupekua manyoya kidogokidogo.

"Nilikuwa namtoa kupe," alisema, bila kumwelekea mtu. "Jioni. Wewe ukiwa jikoni." Machozi yalimtoka kwenye yale macho ya ukungu, naye hakuyafuta. Kisha akageuza uso upande aliodhani mkewe yuko. "Mama Prisila. Ni yeye?"

Alikuwa anauliza. Punda yuko mikononi mwake, lakini anauliza, kwa kuwa kwa miaka yote hiyo alikuwa ameambiwa kwamba hajui lolote kuhusu Mugenzi, na hatimaye alikuwa ameamini.

Odeta alikuwa bado ameshika kopo. Alikumbuka uji, alikumbuka usiku aliolala zizini na panga kwa ajili ya fisi. Alikumbuka pia, kwa mara ya kwanza, kwamba kila alipomwendea punda yule alimwendea na mzigo. Akaona jinsi itakavyokuwa nyumbani, kila jioni, kikohozi mlangoni na punda akimpita yeye kwenda kwa aliyemuuza. Wivu ukampanda, mchungu kuliko chochote alichowahi kuonja.

"Siye," alisema.

"Amenijia."

"Una nini mfukoni?"

Gratien akatoa kifuko cha chumvi ya mawe.

"Basi," alisema Odeta. "Punda gani asiyefuata chumvi?" Akamshika mkono mumewe, akakipitisha kidole chake kwenye pengo la sikio. "Sikia hapa. Huyu amekatwa kwa juu. Mugenzi nilimkata kwa chini, nilimkata mimi."

Gratien akalifuata pengo lote kwa kidole. "Haya," alisema mwishoni. "Wewe ndiye unayemjua."

Telesfori alikuwa ameona yote. "Mama," alisema polepole, "miaka yote huyu hajawahi kumwendea mtu hivi."

"Siye, baba. Tusije tukachukua mali ya watu."

Telesfori akamshika punda kwa kamba. Walipofika barabarani, mnyama alianza kulia, kilio kile kibaya cha punda kinachokwaruza kama pampu ya kisima kilichokauka. Gratien alisimama. Odeta akamvuta kwa mkono wa koti, na wakaendelea.

Ndani ya basi, walipokaribia mjini, mzee alimgeukia mkewe. "Basi atakuwa alishakufa," alisema.

Odeta alitazama dirishani.

Nyumbani hakumtajia tena malori. Mboga ikizidi chumvi aliomba radhi, jambo lililomshangaza Gratien na kumtia wasiwasi. Usingizi ulimkataa Odeta. Haikupita wiki, akampigia Fausta, akapata namba ya Telesfori, akaenda nyuma ya nyumba kupiga.

"Mama, wale watu walipita juzi," alisema Telesfori. "Walikuja na gari. Niliona nyie hamna haja naye."

Odeta alitaka kusema alikuwa wetu. Alisema asante, akakata simu. Alikaa chini palepale, kwenye vumbi, akalia kwa hasira juu yake mwenyewe. Gratien alimtoa Mugenzi kwa kuogopa malori, pamoja na kijiji kizima. Yeye alimtoa akiwa amemtambua, kwa sababu ya kikohozi cha mzee asiyeona. Na hakuna atakayembandika jina la utani, kwa kuwa hakuna atakayejua.

Lakini safari ile ilikuwa imemfufua Gratien, akakataa kuamini kwamba Mugenzi amekufa. Alianza kutoka asubuhi na fimbo yake mpaka stendi ya boda, akiulizia punda kwa kila aliyetoka mbali. Watu walicheka, Bwana Lori sasa anatafuta usafiri wa kwato. Hakujali. Jioni moja alirudi anahema, akamkuta Odeta uani na ungo wa maharage.

"Mama Prisila, nimempata mtu wa Usevya," alisema. "Anasema huko kwenye mashamba ya mpunga kuna punda mzee. Nikamuuliza sikio. Akasema limekatwa, la kushoto." Akachuchumaa mbele yake, akitafuta mkono wake mpaka akaupata. "Kwa chini. Kama ulivyosema."

Odeta aliuangalia ule uso. Haukuwa na kinyongo wala shaka.

"Twende Jumamosi," alisema Gratien. "Mimi sitamgusa safari hii, nisije nikawachanganya. Wewe ndiye utakayemwangalia. Utamjua tu."

"Tutakwenda," alisema Odeta, akaendelea kuchambua maharage.