Fabian Alivyotuongoza Busan

Kabla hatujaondoka Doha, Fabian alikuwa ameshaizunguka Korea nzima kwa mdomo. Kila Ijumaa, siku ya mapumziko huku, baada ya ibada ya Kiswahili kwenye kanisa letu la Mesaimeer alisimama karibu na lango, amefunga tai katika joto la nyuzi arobaini na kitu, akitueleza Wakorea wanakula nini asubuhi, wanainamiana vipi, na kwa nini mtu asisimamishe vijiti kwenye bakuli la wali. Yote hayo aliyasoma kwenye simu, kitandani, katika chumba alicholala na Wakenya wengine watano. Pasipoti yake ilikuwa na mhuri wa nchi moja tu, hii hii ya Qatar. Lakini ukimsikiliza ungedhani alizaliwa Seoul, si Mumias.

"Korea naijua fiti," alikuwa akisema. "Nifungeni macho mnitupe huko, nitafika hotelini kabla yenu."

Mimi ni Nasimiyu. Huu ni mwaka wangu wa sita katika nyumba moja ya Waqatari. Nalea watoto wawili, Lulwa wa miaka saba na Hamad wa minne, na namsaidia bibi yao, ambaye watoto humwita Yumma, nami nikazoea kumwita hivyo hivyo. Fabian alikuwa karani wa kampuni ndogo ya safari kule Lusail. Mimi ndiye niliyempeleka Madam, mama wa watoto hao, kwake. Madam alikuwa ametazama tamthilia za Kikorea mpaka akaanza kuiota bahari yao, na aliponiuliza kama namjua mtu wa mambo ya safari, nikamtaja Fabian. Nilimtaja kwa sababu ni mtu wa kwetu, na kwa sababu sikufikiri.

"Julai ni mwezi mtamu sana Busan," Fabian alimwambia Madam ofisini kwake. "Upepo wa bahari, kijani kila mahali. Manyunyu kidogo tu, ya kupoza uso."

Mimi nilikuwa nimeangalia hali ya hewa kwenye simu tukiwa garini. Siku kumi, zote wingu na matone, nyingine na radi juu yake. Nimekulia Kimilili, chini ya Mlima Elgon, mvua naijua. Nikamwambia kwa Kiswahili, "Fabian, huo ndio msimu wao wa masika. Mwambie huyu mama ukweli. Ana mzee na watoto."

Hata hakunitazama. Alijibu akitabasamu kama mtu anayenisifu. "Wacha kuniharibia kazi, dada."

"Anasemaje?" Madam akauliza.

"Anauliza kama kule kuna chakula cha halali. Kipo, Madam. Kipo kingi."

Nami nikanyamaza. Kiarabu ninacho, Kiingereza ninacho, na nikanyamaza. Nilimdharau Fabian kuanzia dakika ile, lakini sijasahau kwamba mdomo wangu pia ulikuwa mle ofisini.

Mumewe Madam alikuwa amebanwa na kazi West Bay, kwa hiyo kampuni ikaamua kumtuma Fabian mwenyewe kutuongoza na kubeba mizigo. Tulikuwa watu sita kwa jumla. Hata hivyo Fabian alikuja uwanja wa ndege na kibendera chekundu kwenye fimbo, tusije tukampotea.

Mvua ya Busan haikuwa na haraka. Kwetu mvua huja mchana kwa kishindo, ikapiga mabati, ikamaliza kazi yake ikaenda. Ile ya huko ilianza tulipotoka kwenye treni na haikuona sababu ya kuacha. Siku ya kwanza tulikwenda ufukweni tukakuta kamba imezungushwa, mawimbi ya rangi ya chai ya maziwa, na walinzi wanapuliza filimbi mtu akikaribia maji. "Kesho," alisema Fabian. Siku ya pili akatupandisha lifti ya jengo refu kuona mji wote, na tulipofika juu tukaona ukungu. Madirisha yote, pande zote nne, meupe kama shuka. Watu wenye akili zao walikuwa wamebaki chini wakinywa kahawa. Fabian alisimama mbele ya kioo akanyoosha fimbo yake.

"Pale kuna daraja maarufu sana," alisema.

"Pale wapi?" Lulwa akamuuliza.

"Pale pale."

Siku ya tatu alitupeleka kwenye kijiji cha nyumba za rangi kilichojengwa mlimani, ngazi juu ya ngazi, na maji yanateremka kwenye ngazi kama yana miadi chini. Yumma ana magoti mabovu. Fabian alipanda mbele, akageuka, akasema mandhari ya juu ni bora zaidi. Nilimbeba Hamad mgongoni, nikampa Yumma mkono, tukakaa kwenye kibaraza cha duka lililofungwa mpaka aliposhuka. Alirudi na picha zake mwenyewe, kumi na tano.

Aliyeifurahia safari ile ni Yumma peke yake. Aliniambia alipokuwa mtoto Doha, mvua ikinyesha mara moja kwa mwaka, watoto walitoka nje wakapita mitaani wakiimba, na mama zao hawakuwagombeza. Kila asubuhi alinitaka nimtoe mlangoni mwa hoteli, nifunge mwavuli, asimame uso juu. Wahudumu walitukimbilia na miavuli mingine. Yeye akicheka, nami nikicheka naye, tumelowa wote wawili. Nilimheshimu kuliko mtu yeyote katika mji ule.

Siku ya nne ndiyo iliyoharibika.

Tulikuwa kwenye soko la samaki karibu na bandari, katikati ya mabeseni ya pweza na kamba, mara simu zote zikalia kwa pamoja. Haukuwa mlio wa kawaida. Ulikuwa mlio wa kutisha, kama king'ora, kutoka kwenye kila mfuko na kila meza, na kwetu pia. Kwenye kioo cha simu ya Madam kulikuwa na maandishi ya Kikorea, mistari mitatu.

"Inasema nini?" Madam aliuliza.

Fabian aliichukua simu. Akaikunjia uso kama daktari anayesoma picha ya mapafu. "Ni ofa," alisema. "Soko linapunguza bei ya samaki kabla ya kufunga."

Nikatazama huku na huku. Hakuna aliyekuwa akikimbilia samaki. Wanawake waliovaa aproni za mpira walikuwa wakiinua masanduku juu ya meza, na mmoja alikuwa akishusha mlango wa chuma wa kibanda chake.

"Ofa gani ambayo wauzaji wanafunga?" nikamuuliza.

"Dada, wewe umekuja kushika mtoto," alisema. "Mimi nimekuja kuongoza. Tupitie chini, kuna njia ya mkato, teksi ziko upande ule."

Njia ya mkato ilikuwa handaki la wapita njia chini ya barabara. Kwenye ngazi tulipishana na wazee wawili wakipanda. Mmoja alitupungia mkono kutukataza, na Fabian akampungia pia, akidhani anasalimiwa. Chini maji yalifika kwenye vifundo vya miguu. Tulipofika katikati yalikuwa magotini, baridi, na yana harufu ya samaki na mafuta ya gari. Taa zikawa zinawaka na kuzimika. Hamad alinikaba shingo. Madam alimnyanyua Lulwa. Yumma alikuwa ameshika mkono wangu wa kushoto, na abaya yake ililowa ikawa nzito, inamvuta.

Ndipo maji yakamwagika kutoka kwenye ngazi za mbele, mengi kwa mara moja, kana kwamba mtu ameangusha tangi. Fabian aliyaona kwanza kwa kuwa alikuwa mbele. Alitupa bendera yake, akapanda ngazi zile tatu tatu, akashika chuma cha pembeni, akatokomea juu. Hakugeuka. Hakuita jina la mtu yeyote, hata la Mungu, ambaye kila Ijumaa alimtaja sana.

Yumma akateleza. Mkono wake ulichomoka kwenye wangu, akaanguka kwa ubavu, na kwa muda mfupi niliona kitambaa chake tu juu ya maji. Nilipiga kelele kwa Kibukusu, lugha ambayo hakuna aliyeijua mle ndani. Ningeinama, Hamad angekwenda na maji. Nilikuwa nimesimama na mtoto mgongoni, nampapasa mzee kwa mguu, na huo ndio msaada wote niliokuwa nao.

Aliyemwokoa ni mwanamke mfupi wa soko lile, glovu za rangi ya waridi, buti za mpira, pengine miaka sitini. Nadhani alituona tukishuka akatufuata. Alipita kando yangu kifua mbele, akamshika Yumma chini ya makwapa, akamwinua kama anavyoinua sanduku la barafu, akaanza kurudi naye alikotokea huku akitufokea. Hatukuelewa hata neno, na tulitii kila neno.

Juu, Yumma alikohoa na kutapika maji, kisha akashika kifundo cha mkono wake wa kulia, machozi yakimtoka. Yule mwanamke akatoa simu yake, akauelekezea kidole ule ujumbe, akagonga kioo, akatugombeza upya. Nikatoa simu yangu kwenye mfuko wa plastiki, nikautafsiri kwa programu ya bure ambayo hata mtoto wa shule anayo. Nikampa Madam asome: onyo la mvua kubwa, msiingie kwenye mahandaki na njia za chini ya ardhi, kaeni mbali na barabara za pwani.

Fabian tulimpata ng'ambo ya barabara, chini ya turubai la duka la viatu. Alikuwa akipangusa simu yake kwa karatasi laini.

"Nilikimbilia kutafuta msaada," alisema.

"Ujumbe ulisema nini, Fabian?" Madam alimuuliza.

Alifikiri kidogo. "Kikorea kina maana nyingi," alijibu.

Hospitalini walimfunga Yumma plasta, mkono ulikuwa umevunjika. Tukiwa kwenye viti vya kusubiri nilimwambia Madam yote: niliyoyaona kwenye simu kabla ya safari, niliyomwambia Fabian, na kwamba sikuuliza kitu chochote kuhusu chakula cha halali. Madam akanigeukia. "Ulijua," alisema. "Ukakaa kimya kwa ajili ya yule?" Tuliporudi Doha alinitoa kwa watoto akanipeleka jikoni, na ningekuwa jikoni hadi leo kama Yumma hangegoma kula mpaka nirudishwe kwake.

Wiki ya tatu baada ya kurudi nilipata Ijumaa yangu ya mapumziko, nikaenda Mesaimeer. Nje ya kanisa watu walikuwa wamekusanyika kwenye kivuli cha ukuta, na sauti ya Fabian ilinifikia kabla sijamwona.

"Maji kifuani!" alikuwa akisema. "Nikamweka yule bibi mgongoni, mtoto mkono huu, mtoto mkono ule. Nikasema, Bwana, nipe nguvu za Samsoni."

Jennifer, rafiki yangu anayefanya usafi katika hoteli moja, alikuwa akifuta machozi. Fabian aliniona. Nilitegemea anyamaze. Badala yake alinyoosha mkono. "Huyu hapa Nasimiyu, mwulizeni! Alikuwepo!"

Basi nikawaambia. Niliwaambia habari ya ofa ya samaki, ngazi tatu tatu, turubai la duka la viatu, na yule mama wa glovu za waridi ambaye hata jina lake hatukulijua. Sikupaza sauti. Nilipomaliza hakuna aliyecheka. Jennifer alinivuta kando.

"Nasimiyu, tuko ugenini," alisema. "Kwani ungepungukiwa na nini ukimwachia hadithi yake? Imetujenga."

"Imekujenga nini?"

"Imani," alisema, na akarudi kwa wenzake.

Nilitoka nikiwadharau wote, Jennifer akiwemo, na joto lilinipiga usoni kama mvuke wa sufuria. Fabian alinikuta nikisubiri gari. Alikuwa ameilegeza tai.

"Mbona umeniaibisha mbele ya watu?"

"Nimesimulia tu. Aibu ulikuwa nayo tayari."

Aligeuka akaitazama barabara. "Sijui kuogelea," alisema mwishowe. "Ndugu yangu alikufa Mto Nzoia tukiwa wadogo. Maji yalipokuja sikuona mtu. Niliona ngazi tu."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema kitu ambacho hakukisoma mahali, na moyo wangu ulilegea. Nilitaka kumwambia kwamba hata mimi niliogopa, kwamba sikumshika Yumma vizuri, kwamba wakati mwingine nikimwogesha naukwepa mkono ule uliovunjika. Nilifungua mdomo nimwambie.

"Lakini sikiza," aliniwahi, akiikaza tai yake. "Septemba tunapeleka watu Georgia. Milima, theluji, naijua ile nchi vizuri. Ukiongea na Madam pole pole, aondoe ile barua ya malalamiko aliyoipeleka ofisini kwetu..."

Gari likafika. Nikapanda, nikafunga mlango, na nikamwambia dereva awashe kiyoyozi. Fabian alibaki pale juani mdomo ukiendelea kucheza, akilieleza dirisha habari za Georgia.